Kabla ya kliniki ya moyo kwa mgonjwa mnene: mizani, mkanda wa presha na mfuko wa dawa

Mtu mnene ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo ana kilo za aina mbili: za mafuta na za maji. Mafuta huongezeka kwa miezi, maji yanaweza kuongezeka kilo 2 kati ya Jumatatu na Alhamisi. Tiba ya kila aina ni tofauti, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni hawezi kuzitenganisha kilo hizo kwa kumtazama mgonjwa tu. Kwa hiyo maandalizi yaanze nyumbani, walau wiki mbili kabla ya tarehe.

Kwanza mizani. Nyingi za nyumbani zina kikomo, na kikomo hicho huwa kimeandikwa chini au kwenye boksi. Kisome kabla ya kulipa, maana mizani iliyozidiwa hutoa namba ya uongo. Iweke kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia. Pima kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi ileile. Khanga moja inatosha. Andika kwenye daftari, na pembeni uandike umelala na mito mingapi ili upumue vizuri. Kisha bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde kama 10: kikibaki kishimo, kuna maji. Miguu ya mtu mnene huvimba kwa sababu nyingine pia, kama mishipa iliyochoka au dawa ya presha iitwayo amlodipini, ndiyo maana uvimbe peke yake hautoshi bila namba za mizani. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, usingoje kliniki. Hakuna pilau linaloleta mafuta kiasi hicho kwa siku tatu. Na ukikonda bila kukusudia usishangilie, kamwambie daktari. Kwa moyo dhaifu hiyo si habari njema.

Presha nayo hupimwa vibaya kwa watu wanene kila siku, na kosa huwa ni mkanda. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha mkono katikati ya bega na kiwiko. Sentimita 27 hadi 34 ni mkanda wa kawaida, 35 hadi 44 unahitaji mkubwa, 45 na kuendelea ule wa paja. Mkanda mdogo hupandisha presha kwa uongo, dawa zinaongezwa, mgonjwa anapata kizunguzungu, kisha anaziacha zote. Andika kipimo cha mkono wako kwenye jalada la daftari, umwonyeshe muuguzi kabla hajakufunga. Usione haya.

Kuhusu vipimo, jua mawili. Kile cha damu kinachoitwa BNP, homoni inayotolewa na moyo ulioelemewa, hutoka chini kwa watu wanene hata moyo ukiwa umeshindwa, kwa hiyo jibu la chini halikuondolei ugonjwa. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, nacho hufifia kwa sababu ya mafuta ya kifua. Hata hivyo usitoke bila kuuliza: moyo wangu unasukuma asilimia ngapi ya damu iliyomo kila unapopiga? Namba hiyo ndiyo inayoamua mjadala wa sindano za kupunguza uzito. Utafiti wa STEP-HFpEF wa mwaka 2023 uliwapa wagonjwa wanene semaglutaidi miligramu 2.4 kwa wiki. Baada ya wiki 52 uzito ulikuwa umeshuka kwa asilimia 13.3, dhidi ya 2.6 kwa waliopewa sindano isiyo na dawa, na dalili za moyo zikapungua. Lakini wote walikuwa na moyo unaosukuma asilimia 45 au zaidi. Wa chini ya hapo asijinunulie sindano kwa sababu jirani imemfaa. Aliyeandikiwa naye akumbuke kwamba dozi huanza na miligramu 0.25 na kupanda taratibu. Akiruka hatua hutapika, na kutapika huku anameza furosemidi, dawa ya kukojoza, kunamkausha maji na kuumiza figo.

Sasa mfuko. Beba dawa zote, hasa zile ulizonunua mwenyewe duka la dawa. Magoti ya mtu mnene huuma, naye hukimbilia diklofenaki au ibuprofeni. Zote mbili huzuia chumvi na maji mwilini na kuharibu kazi ya dawa ya kukojoza. Paracetamol ni salama zaidi, ila si ile inayochemka kwenye maji, ina sodiamu nyingi. Mwenye kisukari aangalie kama ameandikiwa pioglitazoni, haifai kwa moyo ulioshindwa. Anayetumia spironolaktoni, dawa ya moyo inayobakiza potasiamu mwilini, asinunue chumvi mbadala yenye potasiamu. Anayepewa dapagliflozini au empagliflozini, dawa za moyo na kisukari zinazotoa sukari kwa mkojo, aulize mapema afanyeje akifunga Ramadhani, akiharisha, au akiandaliwa upasuaji.

Mwisho daktari atauliza kama unakoroma na kukata pumzi usingizini, kwa kuwa hali hiyo huandamana sana na unene na huuchosha moyo usiku kucha. Mgonjwa hawezi kulijibu swali hilo. Anayejua ni yule anayelala pembeni yake, basi aje naye kliniki.