Kucheza Poka Kasino kwa Mara ya Kwanza: Taratibu za Mezani Ambazo Mgeni Hana Budi Kuzijua

Mtu aliyezoea kucheza poka na marafiki, au kwenye simu, huingia kasino akiamini kwamba ugumu utakuwa kwenye karata. Karata ni zile zile 52 na mchezo ni ule ule. Kinachomkwamisha mgeni ni utaratibu. Programu ya simu haikuruhusu kucheza kabla ya zamu yako, hukuhesabia dau lililo mbele yako na kukataa kiasi kisichofaa, ilhali mezani hakuna anayekuzuia kabla hujakosea, na neno ulilolitamka au chipu (vidude vinavyosimama badala ya fedha) ulizozisukuma mbele huhesabiwa kuwa ndio uamuzi wako. Kwa sababu hiyo, muda utakaoutumia kujifunza namna ya kuweka dau utakufaa zaidi, siku hiyo ya kwanza, kuliko muda wa kusoma mbinu za mabingwa.

Fahamu kwanza unashindana na nani. Katika ruleti na michezo mingine mingi ya kasino mpinzani wako ni kasino yenyewe, lakini katika vyumba vya poka unashindana na wachezaji wenzako, na kasino hujipatia chake kwa kukata sehemu ya poti, yaani fungu la madau yote yaliyowekwa katika mkono mmoja (mzunguko mmoja wa mchezo, tangu karata kugawiwa hadi apatikane mshindi; neno hilo hilo hutumika pia kwa karata alizonazo mchezaji). Makato hayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya poti, yakiwa na kikomo, na katika kasino nyingi hayakatwi iwapo mkono umekwisha kabla ya karata za mezani, ambazo hutumiwa na wachezaji wote, kufunuliwa. Kwingine wachezaji hutozwa ada kwa muda wanaokaa. Vyovyote iwavyo, haitoshi kuwazidi wenzako kidogo tu, bali sharti uwazidi kwa kiasi kinachopita makato, na kwenye meza za madau madogo makato hayo huwa mazito yakilinganishwa na ukubwa wa poti.

Mchezo utakaoukuta karibu kila mahali ni Texas Hold'em, nao huchezwa ama kwa fedha taslimu ama kwa mashindano. Wapo wanaomshauri mgeni aanze na mashindano kwa hoja kwamba hawezi kupoteza zaidi ya kiingilio, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo naona meza ya fedha taslimu yenye madau ya chini kabisa ndiyo inayofaa kwa kujifunza, kwa kuwa madau ya lazima hayapandi kadiri muda unavyokwenda, hakuna anayekushurutisha kuharakisha maamuzi makubwa, na unaweza kuinuka wakati wowote. Sharti lake ni kwamba kiasi utakachokipoteza kiamuliwe kabla ya kutoka nyumbani, kiwe fedha ambazo kukosekana kwake hakutagusa kodi, ada wala chakula, na kadi ya benki ibaki nyumbani.

Ukifika, beba kitambulisho, kwani umri wa kuruhusiwa ni miaka 18 katika nchi nyingi na 21 katika nyingine. Nenda kwenye dawati la chumba cha poka, taja mchezo na kiwango unachotaka, nawe utaandikwa kwenye orodha ya kusubiri au utaelekezwa kwenye kiti. Viwango hutajwa kwa blaindi, yaani madau mawili ya lazima yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa: kwenye meza ya 1/2, blaindi ndogo ni 1 na kubwa ni 2, kwa sarafu yoyote inayotumika mahali hapo. Kila meza ina kima cha chini na cha juu cha kuingilia, na si ajabu kukuta kima hicho kikianzia blaindi kubwa 40 na kuishia 100 au zaidi. Ukinunua chipu mezani, weka noti juu ya meza, usimpe mgawaji mkononi, kwa maana yeye haruhusiwi kupokea fedha kwa namna hiyo. Chipu ulizonazo mkono unapoanza ndizo pekee unazoweza kuzitumia katika mkono huo: huwezi kutoa pochi katikati ya mkono ili kuongeza, na pia huwezi kuficha mfukoni sehemu ya chipu ulizoshinda ilhali ungali unacheza.

Kwa kifupi, mkono huenda hivi. Kitufe cheupe huzunguka meza kuonyesha nani ni wa mwisho kucheza baada ya karata za mezani kufunuliwa, na watu wawili walio kushoto kwake huweka blaindi. Kila mmoja hupewa karata mbili za siri, na duru ya kwanza ya madau huanza na aliye kushoto kwa blaindi kubwa. Kisha hufunuliwa karata tatu mezani, halafu moja, halafu moja tena, kila ufunuo ukifuatwa na duru ya madau inayoanza na mchezaji wa kwanza kushoto kwa kitufe ambaye bado yumo. Anayeshinda ni mwenye mkono bora wa karata tano kati ya saba (mbili zake na tano za mezani), au yule aliyebaki peke yake baada ya wengine kutupa zao. Orodha ya mikono, kuanzia mkono usio na jozi hadi mfululizo wa karata za aina moja (kama kopa tupu) unaoishia na esi, uwe umeikariri kabla ya kwenda. Si jambo la kujifunzia mezani.

Sasa tuje kwenye madau, ambako wageni wengi hujikwaa. Kanuni iliyo salama kuliko zote ni kusema kwanza, kisha kugusa chipu. Ukitamka kwa zamu yako kwamba unafuata (unaweka sawa na dau lililopo), unapandisha (unaweka zaidi yake) au unatupa (unaachana na karata zako), tamko hilo linakufunga hata kama mkono wako bado haujatikisika. Ukinyamaza, mgawaji atausoma mwendo wa mikono yako, na hapo ndipo panapozuka matatizo. Tuseme aliye kabla yako ameweka 6, nawe unasukuma chipu moja ya 25 bila kusema neno ukidhani umepandisha hadi 25. Kwa kanuni zinazotumika karibu kila mahali umefuata tu, na utarudishiwa 19. Chipu hiyo hiyo, ukiiweka wakati hakuna dau mbele yako baada ya karata za mezani kufunuliwa, huhesabiwa kuwa dau la 25 kamili.

Kosa jingine ni kuweka dau kwa vipande. Mchezaji anasogeza chipu za kufuata, anawatazama wenzake usoni, kisha anarudi kwenye rundo lake kuchukua za kupandisha. Hilo halikubaliwi, kwa kuwa linampa nafasi ya kupima hisia za wapinzani kabla hajamaliza uamuzi wake, hivyo kile alichokisogeza mara ya kwanza ndicho kitakachohesabiwa. Vivyo hivyo kwa maneno: anayesema “Nafuata sita zako, na ninaongeza ishirini” ameshafuata, na hiyo ishirini haipo. Sema “napandisha hadi ishirini na sita”, kisha sogeza chipu zote pamoja. Kiasi cha kupandisha nacho kina kima cha chini, ambacho ni kuongeza angalau sawa na ongezeko lililotangulia. Kwenye meza ya 1/2, mtu akipandisha hadi 6 ameongeza 4 juu ya 2, kwa hiyo anayetaka kupandisha tena hana budi kufika angalau 10. Usipokuwa na hakika, muulize mgawaji, maana kuulizwa kiasi cha dau ni sehemu ya kazi yake na hakuna atakayekucheka. (Na hata wakikucheka, ni nafuu kuliko kupoteza nusu ya chipu zako kwa neno moja.)

Chipu ziweke mbele yako kwa mpangilio, usizirushe katikati ya poti ambako mgawaji hataweza kuzihesabu. Subiri zamu yako hata kama umeshaamua kutupa karata, kwa sababu anayetupa mapema humpa aliye kabla yake taarifa ambayo hakustahili kuipata. Jihadhari pia na vidole: kugonga meza ni ishara ya kupita bila kuweka dau, na mwenye tabia ya kugongagonga akiwaza anaweza kukuta zamu yake imeshapita.

Karata zako ni jukumu lako. Zibaki juu ya meza muda wote, uzichungulie kwa kuinua pembe zake, kisha uweke chipu moja juu yake kuonyesha kwamba bado unacheza. Waliokaa viti viwili vilivyopakana na mgawaji wawe waangalifu zaidi, kwani karata zisizolindwa zinaweza kukusanywa pamoja na zilizotupwa, na zikishachanganyika kwa kawaida mkono huo umekufa, yaani hauwezi tena kushinda poti.

Madau yakiisha na kukabaki watu wawili au zaidi, wa kwanza kufunua ni yule aliyeweka dau au kupandisha mara ya mwisho katika duru ya mwisho. Kama wote walipita, huanza wa kwanza kushoto kwa kitufe. Ukiona huenda umeshinda, geuza karata zote mbili juu ya meza, kisha uziache hapo hadi poti isukumwe kwako. Karata zilizofunuliwa hujieleza zenyewe, kwa hiyo hata ukikosea kuutaja mkono wako mgawaji atausoma kama ulivyo. Wako waliotupa mkono wa ushindi kwa sababu tu mpinzani alitamka kwamba ana jozi mbili. Maneno ya mpinzani hayashindi kitu mpaka karata zionekane. Ukiwa na mkono usioshindika, ufunue mara moja, kwa sababu kumchelewesha mwenzako makusudi ili aonje ushindi usiokuwepo huhesabiwa kuwa dharau.

Kuhusu mbinu nitasema machache. Cheza mikono michache, na uongeze kidogo unapokuwa karibu na kitufe, ambako unaona wengine wanafanya nini kabla yako. Jozi ya siri hutokea takribani mara 1 katika 17, na jozi ya esi mara 1 katika 221, kwa hiyo kutupa karata kwa muda mrefu ni jambo la kawaida. Mwenye karata mbili zisizofanana hupata jozi au zaidi kwenye karata tatu za kwanza kama mara 1 katika 3 tu. Mwenye nne za kopa baada ya karata hizo tatu ataikamilisha ya tano hadi mwisho kwa takribani asilimia 35, na hiyo si sababu ya kulipia dau lolote litakaloletwa. Vitisho vya kuweka dau kubwa bila mkono viache kwanza, kwani kwenye meza za chini watu hufuata sana, na asiyetaka kutupa karata zake hatishiki.

Mkono unapoendelea, usizungumzie karata zilizomo wala ulizotupa, na usimshauri mtu yeyote, kwa kuwa kila mkono huchezwa na mtu mmoja. Kasino nyingi pia huamuru lugha moja mezani wakati wa mkono, hivyo ukiwa na mwenzako msiseme lugha ambayo wengine hawaielewi, hata kama mnaulizana habari za nyumbani. Simu iweke kando. Kukiwa na mzozo, usibishane na mchezaji; omba msimamizi aitwe kabla karata hazijakusanywa, na uamuzi wake ndio wa mwisho. Suala la bahshishi kwa mgawaji hutofautiana, pengine ni desturi na pengine hairuhusiwi, basi tazama washindi wengine wanafanya nini wanapopokea poti.

Ukitaka kupumzika unaweza kuacha chipu mezani na kurudi baada ya muda mfupi, ila ukikawia kiti chako kinaweza kupewa mwingine. Ukitaka kuondoka kabisa, maliza mkono unaocheza, uage kwa neno moja, uchukue chipu zako zote na kuzipeleka kwenye dirisha la keshia, kwani mgawaji habadilishi chipu kuwa fedha. Usidhani unawajibika kukaa kwa sababu umeshinda. Na ukibadili mawazo ukarudi kwenye meza hiyo hiyo baada ya muda mfupi, kasino nyingi zitakudai uingie na kiasi kile kile ulichoondoka nacho.