Tafuta daktari wa meno ugenini kabla jino halijauma

Jino likishaanza kuuma huchagui tena. Unakwenda popote penye nafasi na kulipa utakachoambiwa. Kwa hiyo tafuta kliniki ukiwa mzima, mapema baada ya kuhamia, hata kama unaona meno yako hayana shida.

Jua kwanza nani analipa. Marekani, bima ya meno mara nyingi ni tofauti na bima ya afya, na huwa na kikomo cha mwaka: kikifika, kinachobaki ni juu yako. Mipango mingi hugharamia uchunguzi na kusafisha, lakini kazi kubwa kama kuvisha jino kofia hulipiwa nusu tu, tena pengine baada ya kusubiri miezi. England mambo ni mengine. Hufungwi na kliniki ya mtaa wako. Piga simu hata ya mbali uulize kama wanapokea wagonjwa wapya wa NHS, huduma ya afya ya umma. Watoto chini ya miaka 18, wajawazito na waliojifungua ndani ya miezi 12 hawalipi matibabu hayo.

Wenye bima, chungeni swali mnalouliza mapokezi. Ukisema "mnapokea bima yangu?" utajibiwa ndiyo, na huenda maana yake ni kwamba watatuma tu madai, tofauti ulipe wewe. Uliza: "Mko ndani ya mtandao wa mpango huu?" yaani, kama kliniki ina mkataba na bima hiyo, kisha soma jina la mpango kama lilivyoandikwa kwenye kadi. Halafu wapigie bima wenyewe wathibitishe.

Leseni ya daktari huangaliwa bure mtandaoni: Uingereza kwenye daftari la General Dental Council, baraza linalosajili madaktari wa meno, Marekani kwenye bodi ya meno ya jimbo lako. Mimi naiamini hiyo kuliko nyota za wateja, ambao wengi husifia viti na tabasamu la mapokezi.

Kipimo chenyewe ni siku ya kwanza. Mgeni ambaye hajasafishwa meno kwa miaka huambiwa haraka kwamba anahitaji usafishaji wa kina, ule wa chini ya fizi, ambao ni ghali. Huenda ni kweli. Omba vipimo vya fizi: kwa kila jino, kina cha nafasi kati ya fizi na jino hupimwa kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita. 1 hadi 3 kwa kawaida ni salama. 4 na kuendelea, hasa fizi zikitoka damu, panastahili maelezo. Daktari mzuri atakuonyesha namba hizo pamoja na eksirei, na kukuambia jino lipi linaweza kusubiri. Anayekuharakisha usaini mkiwa bado kwenye kiti, mshukuru, chukua makadirio yake kwa maandishi, kaulize kwingine.

Lugha ikikusumbua, omba mkalimani unapoweka miadi. Usimbebeshe mtoto wako kazi ya kutafsiri habari za ganzi na kung'oa.

Mfuko ukiwa mwembamba, ulizia kliniki za vyuo vya udaktari wa meno. Wanafunzi hutibu chini ya wasimamizi, kwa bei nafuu. Utakaa kitini muda mrefu, lakini kila hatua inakaguliwa.

Na ukihama kliniki, ondoka na nakala za eksirei zako, usije ukapigwa picha nyingine na kulipishwa bila sababu.