Siku tatu Lisbon: mambo ya kuzingatia kabla hujakata tiketi

Anza na kalenda, tiketi baadaye. Makumbusho mengi ya Lisbon na majengo yake makubwa ya kale hufungwa Jumatatu, ikiwemo monasteri ya Jerónimos kule Belém, mtaa ulio pembeni mwa mji. Nilipita pale Jumatatu moja asubuhi nikakuta familia nzima, watoto wameshavalishwa makoti, wanasoma kibao cha mlangoni. Ndege yao ilikuwa jioni ile ile. Ukiwa na siku tatu na moja ikaangukia Jumatatu, umebakiwa na mbili. Kama nauli inaruhusu, fika Jumanne, uondoke Ijumaa.

Halafu kagua kila jengo moja moja kwenye tovuti yake wiki chache kabla ya safari, kisha rudia siku mbili tatu kabla ya kuondoka. Majengo haya yana umri wa miaka mia tano, yanahitaji matengenezo, na yakifungwa kwa ukarabati yanaweza kukaa miezi mingi. Mnara wa Belém ulifungwa hivyo mwaka 2025. Usiamini picha za rafiki yako aliyekwenda zamani.

Ureno iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Zile siku 15 zisikudanganye: kinachochelewesha watu ni kupata nafasi ya miadi, na ombi lenyewe linaweza kuchukua hadi siku 45. Jipe miezi mitatu. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima ibebe matibabu ya angalau yuro 30,000. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na iendelee kutumika miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Taarifa ya akaunti ya benki ioneshe maisha yako ya kawaida; fedha nyingi zilizoingia juzi kwa mpigo huzua maswali. Na ukiwa unaishi nje, tuseme Muscat au Minnesota kwa ukaazi halali, unaombea huko huko unakoishi.

Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja, utaunganisha njiani. Foleni ya uhamiaji mkifika inaweza kuwa ndefu, basi siku ya kwanza usinunue tiketi yoyote yenye saa maalumu. Jioni ile tembea tu, ule, ulale.

Sasa vilima. Lisbon imekaa juu ya vilima, na ramani ya simu haikwambii hivyo. Inasema dakika nane kwa miguu, kumbe dakika sita kati ya hizo ni ngazi. Njia za miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vimepangwa kwa mkono kuwa mawimbi na maua. Ni kazi nzuri sana ya mafundi. Lakini vijiwe hivyo vimesuguliwa na nyayo za watu mpaka vinang'aa, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Nilimwona mama mmoja wa makamo kule Alfama, mtaa wa kale, ameshika ukuta kwa mikono miwili, anashuka hatua moja moja, sanduku lake la magurudumu limebebwa na kijana asiyemjua. Kwa hiyo chukua raba zenye soli inayoshika, na uwe umeshazitembelea nyumbani wiki mbili. Begi liwe la mgongoni. Kama unasafiri na mzazi, au mtu mwenye magoti mabovu, lipia zaidi kidogo mkalale Baixa, sehemu ya chini iliyo tambarare.

Utambarare huo wa Baixa nao una kisa. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko la ardhi liliuangusha mji, bahari ikapanda, moto ukamaliza kilichosalia. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, aliijenga upya Baixa kwa mitaa iliyonyooka. Alfama ilinusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana vichochoro vyake vimejipinda mpaka leo, na mtu wa Mji Mkongwe Unguja hatapotea sana humo. Ukitaka kuona tetemeko lile kwa macho, panda Carmo: kanisa bado limesimama na matao yake, bila paa, mawingu yanapita juu yako.

Usafiri ni rahisi. Uwanja wa ndege uko ndani ya mji na treni ya chini ya ardhi inafika hapo hapo. Kila mtu awe na kadi yake ya nauli, maana haishirikiwi. Tiketi ya saa 24 inaanza kuhesabu pale unapoigusisha mara ya kwanza, kwa hiyo usiianzishe usiku ukienda kulala. Tramu, yaani treni ndogo ya barabarani, namba 28 panda asubuhi na mapema. Ikishafika saa nne asubuhi inajaa, na vibaka wanaipenda kuliko watalii. Kwenda Belém ni tramu namba 15. Vile vigari vya kupandia kilima vinavyovutwa kwa kamba ya chuma usivitegemee kwenye mpango wako: Septemba 2025 kimoja, cha Glória, kilipata ajali iliyoua watu 16, na huduma zikasimamishwa.

Kuhusu fedha, iarifu benki yako kwamba unasafiri, na washa huduma ya simu ya nje ya nchi kwenye laini yako ya nyumbani kabla hujaondoka. Ukinunua kitu mtandaoni, namba ya uthibitisho itatumwa kwenye laini hiyo, na ikiwa haipokei ujumbe, kadi ni plastiki tu. Mashine ya kutolea fedha ikikuuliza kama ikate kwa shilingi au kwa yuro, chagua yuro. Tenga pia kodi ya wageni ya jiji, yuro 4 kwa mtu kwa kila usiku, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni.

Mezani, mhudumu ataleta mkate, zeituni na jibini kabla hujaagiza chochote. Kwetu hiyo ingekuwa takrima. Kule ukila unalipia. Usipotaka, mwambie kwa upole aondoe, wala hakuna anayekasirika. Kwa Waislamu: nguruwe yumo kwenye vyakula vingi, hata supu ya mboga huwekewa kipande cha soseji, basi uliza kila mara. Samaki ni wengi na wazuri, na mji una msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 1985.

Jambo ambalo orodha nyingi za safari haziligusi, na mimi naliweka juu ya yote, ni kujua unakwenda kutazama nini. Mimi ni mtoto wa Kilwa. Kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale ya Lisbon, ambayo nayo ukague kama iko wazi, kuna chombo cha ibada cha dhahabu, urefu wake karibu sawa na mkono wa mtu mzima kuanzia begani, kinaitwa Custódia ya Belém. Mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti kukizunguka, nguo zao zimetiwa rangi, na kila mmoja ana sura yake. Inama utazame chini, kwenye kitako. Kuna maandishi yamezunguka, na ndani yake yanasema mfalme Manuel wa Ureno aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa, kikamalizika mwaka 1506. Quíloa ni Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya mji wetu akiwa na merikebu za kivita, akamlazimisha mtawala wetu, Amiri Ibrahim, alipe kodi. Mwaka 1505 wakaja Wareno wengine chini ya Francisco de Almeida, wakateremsha askari na kuupora mji.

Nilisimama mbele ya kioo kile muda mrefu. Watu walikuja, wakapiga picha, wakaenda. Kaburi la da Gama liko Jerónimos, karibu na mlango wa kanisa, na monasteri yenyewe ilijengwa kwa ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Ukifika bila kuyajua haya utaona mawe yaliyochongwa vizuri, basi.

Kwa hiyo, kama una nafasi, kabla ya Lisbon pita Kilwa Kisiwani. Unachukua kibali Kilwa Masoko, unavuka kwa boti dakika chache. Tazama kuba za Msikiti Mkuu, kisha shuka ufukweni kwenye ngome iliyojengwa pale Wareno walipojenga ya kwao. Wenyeji wanaiita Gereza, neno tulilolipata kwa Wareno, kwao maana yake kanisa. Utalikuta Lisbon karibu kila kona, limeandikwa kwenye vibao vya mitaani: Igreja.