Namna ya Kuchunguza Vifo vya Halaiki vya Kambakochi: Somo Kutoka Long Island Sound

Kambakochi wanapokufa kwa wingi, kila mtu pwani huwa na jibu lake kabla mtafiti hajashusha kipimo chochote majini. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1999 katika Long Island Sound, mkono wa bahari uliopo kati ya jimbo la Connecticut na kisiwa cha Long Island nchini Marekani, ambako wavuvi wa upande wa magharibi walipandisha madema na kukuta kambakochi waliokufa au waliolegea kabisa. Huyo si kambakochi wa miamba yetu asiye na magando. Ni Homarus americanus, mwenye magando mawili makubwa na mzoefu wa maji baridi, na uzoefu huo wa baridi utakuwa na uzito mkubwa katika hatua zifuatazo.

Anza na mnyama mwenyewe, tena mapema. Mzoga wa kambakochi huoza upesi, na bakteria wa uozo huficha ugonjwa uliomuua. Kwa hiyo chukua walio hai lakini dhaifu, pamoja na wenye afya kutoka eneo lilelile na wengine kutoka eneo lisilo na vifo, ili uwe na cha kulinganisha. Andika kwa kila mmoja mahali, kina, saa, joto la maji ya chini, jinsia, na kama amejivua ganda karibuni. Gawa sampuli mara mbili tangu mwanzo: sehemu moja iende kwenye formalini, yaani dawa ya kuhifadhi tishu, kwa ajili ya hadubini, na nyingine igandishwe kwa ajili ya vipimo vya kemikali, kwa kuwa tishu iliyokwisha kulowekwa kwenye formalini haifai tena kutafutia mabaki ya sumu.

Hadubini ilitoa jibu la kwanza. Wataalamu wa magonjwa ya wanyama wa Chuo Kikuu cha Connecticut walikuta katika mishipa ya fahamu ya kambakochi hao kimelea cha seli moja, aina ya amiba, kiitwacho Neoparamoeba pemaquidensis. Hapa ndipo mtafiti mwenye haraka hufunga jalada, nami naona hilo ni kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii. Viumbe wa jamii hiyo huweza kuishi baharini bila kumtegemea mnyama yeyote, kwa hiyo kukiona kimelea kunakuambia kilichomaliza uhai, lakini hakukuambii kwa nini kinga ya mnyama ilishindwa mwaka huo na mahali hapo.

Swali hilo hukupeleka sakafuni mwa bahari, na ni huko unapopaswa kupima. Picha za setilaiti husoma joto la utando wa juu tu, ilhali kambakochi huishi chini, kwenye mashimo na matope. Weka vipimajoto vinavyojirekodi sakafuni kwa msimu mzima, kisha uhesabu idadi ya siku ambazo joto limebaki juu bila kushuka, maana wastani wa mwezi huficha mateso ya wiki mbili. Utafiti wa Long Island Sound ulionyesha kuwa maji yakizidi takriban nyuzi 20.5 za Selsiasi kwa muda mrefu, kambakochi hao huhema kwa kasi na kinga yao hudhoofika. Maji ya moto nayo hubeba oksijeni kidogo, na matope yaliyokosa oksijeni hutoa amonia na sulfidi. Kwa hiyo pima vyote hivyo kwa pamoja, katika kituo kilekile na saa ileile.

Halafu likabili shtaka la wavuvi kwa heshima linayostahili. Mwaka huohuo virusi vya West Nile vilionekana New York kwa mara ya kwanza, na viuadudu vikapuliziwa ili kuua mbu wanaovieneza. Wavuvi wengi waliamini kwamba dawa hizo ndizo zilizoua riziki yao. Usibishane nao. Omba daftari zao za uvuvi, kusanya tarehe na maeneo ya upuliziaji, linganisha na siku za mvua na siku za vifo, kisha fanya hesabu mbili. Ya kwanza ni kiasi cha viuadudu hivyo, yaani malathioni, resmethrini, sumithrini au methopreni, kinachomdhuru kambakochi ndani ya tangi la maabara. Ya pili ni kiasi kilichoweza kufika sakafuni baada ya kuchanganyika na maji yote yale. Watafiti walipolinganisha hesabu hizo walihitimisha kwamba dawa pekee hazikuelekea kuwa chanzo kikuu, ingawa hawakufuta uwezekano kwamba ziliongeza mzigo kwa wanyama waliokwisha kudhoofika. Wavuvi wengi hawakuridhika, na hiyo ndiyo sababu ya kuwawekea wazi hesabu zote mbili badala ya hitimisho peke yake.

Panga muda na fedha za miaka. Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 13.9 kwa ajili ya janga hilo, milioni 6.6 kati yake zikiwa za utafiti, na matokeo makuu yalichapishwa mwaka 2005. Hata hapo usiviondoe vipimo: mwaka 2010 wanasayansi wa tume ya uvuvi ya majimbo ya Atlantiki waliripoti kwamba kambakochi wa kusini mwa New England, eneo linalojumuisha Long Island Sound, wameshindwa kujijaza upya. Jambo hilo huonekana tu kwa anayehesabu mabuu na wadogo kila mwaka, katika vituo vilevile, hata baada ya mizoga kutoweka kwenye madema.