Jarida moja la imeili, mada tano: namna ya kulipanga lisiwe vurugu

Ukisema unataka kuanzisha jarida la imeili utaambiwa chagua mada moja ubakie nayo hapo hapo. Mie siafiki. Mama wa Jambiani, Unguja, anayelima mwani ndo huyo huyo ana watoto skuli, anapika, ana mume asiyekosa mpira uwanja wa Amani na mwezi ujao ana harusi ya mpwawe Wete, Pemba, sasa kwa nini umuandikie mwani tu? Mada nyingi si tatizo. Tatizo ni kuzimwaga zote kila mara bila mpango, mtu anafungua anakuta karafuu, anashuka anakuta taarab, akishuka tena matangazo ya kazi, anafunga na ndo hafungui tena.

Kwa hiyo kabla hujafungua akaunti popote chukua daftari, andika mada zako zote halafu mbele ya kila moja jiulize: hii ikichelewa siku tatu bado ina faida? Ratiba ya boti, bei za soko la Darajani, nafasi za kazi, kupwa na kujaa, hivyo vinaoza kama samaki. Mapishi ya boko boko hayaozi. Habari ya mwimbaji wa taarab Siti binti Saad kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 ukiitoa wiki hii au mwakani ni ile ile. Hapo ushapata mpangilio wako: vinavyooza viende juu na viwe vifupi, mistari mitatu minne basi, vinavyokaa viende chini na huko ndo uandike kwa raha yako. Na mpangilio huo usiubadilishe kila toleo, maana msomaji akishajua bei ziko juu na mapishi yako mwisho anakwenda moja kwa moja, hana haja ya kupekua.

Siku ya kutuma ndo watu wengi wanapokosea. Chukua huo mwani. Kinamama wanaingia shambani kwenye bamvua, maji yakitoka sana, na bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukipevuka, yaani mara mbili kwa mwezi. Sasa wewe unatuma habari za mwani kila Ijumaa kwa sababu umesikia Ijumaa ndo watu wanasoma, basi Ijumaa moja yuko ndani ya maji simu kaiacha nyumbani, Ijumaa nyengine maji mafu, hayatoki sana, na hiyo habari yako ya kamba na mbegu haina kazi mpaka wiki ijayo, na mpaka hapo kashaisahau. Mada hiyo itoe kwenye tarehe 12 na 27 za mwezi wa kiislamu, kabla bamvua haijafika. Karafuu nayo ina msimu wake, wakati wa mavuno iandike kila wiki, msimu ukisha ipumzishe kabisa. Usiweke kichwa cha habari halafu chini yake "wiki hii hakuna jipya", bora pasiwe na kitu. Ramadhani panga upya kila kitu, wengi wataisoma baada ya tarawehe si saa nne asubuhi.

Kichwa cha imeili pia kitaje mada, si namba. "Toleo la 14" linamwambia nini mtu? Andika "Bamvua Jumatano, bei ya ndizi imepanda, na kachori za Bibi", hapo kila mtu kashaona chake kabla hajafungua. Mada tatu zinatosha kwenye kichwa, simu nyingi hazioneshi zaidi ya hapo.

Sasa hili nalo usilikose: mpe msomaji nafasi ya kukataa mada moja bila kukukataa wewe. Kuna huduma za mtandaoni za kutumia majarida. Ukitumia Substack unaweza kutenganisha jarida kwa seksheni, mtu anazima ya michezo anabakia na mapishi. Mailchimp wana magrupu, mtu mwenyewe anatia tiki anachotaka wakati wa kujisajili (wana na tegi, lakini hizo ni za kwako wewe kuwapangia watu, msomaji hazioni). Ila visanduku visizidi vitano yakhe, ukimuwekea kumi na mbili hatii hata kimoja. Usianze kwa kutuma kwenye Gmail yako ya kawaida kwa kuwabandika watu wote kwenye CC, kwanza kila mtu ataona anwani ya mwenzake, pili akaunti ya bure ina kikomo cha watu 500 kwa siku, na tatu hakuna namna ya mtu kujitoa mpaka akuandikie, na watu wa huku kwa haya zao hawakuandikii, wanakutia kwenye spamu tu.

Jarida la mada nyingi linarefuka haraka. Gmail inaikata imeili ikizidi kama KB 102 za maandishi pamoja na maagizo ya kompyuta yanayoyapanga (HTML), kilichobakia kinafichwa, na pale chini ndo ilipo linki ya kujitoa. Picha hazihesabiwi hapo lakini zinakula bando la mtu, kwa hiyo moja kwa kila mada, ndogo. Hadithi ikiwa ndefu weka aya mbili na linki. Na kama unakusudia kuandika habari za matukio na siasa, waulize kwanza mamlaka inayosimamia maudhui ya mtandaoni huko uliko kuhusu leseni, usisubiri uwe na wasomaji wengi.

Ukishatuma kwa miezi michache utataka kujua mada gani inasomwa. Usiamini sana idadi ya waliofungua, tangu 2021 simu za iPhone zinaweza kuhesabika zimefungua hata kama mtu hajaigusa imeili. Angalia linki zilizobonyezwa, mada kwa mada. Halafu mwisho wa toleo weka namba ya WhatsApp na swali moja tu, kwa mfano "tuendelee na michezo?", fomu ya maswali kumi hawaijazi lakini voisi ya dakika tatu watakutumia, na ndani yake wanakutajia na mada usiyoifikiria.