Jinsi ya kupanga lundo la kifusi lisiporomoke: anza na ardhi iliyo chini yake

Mwaka wangu wa pili kwenye machimbo ya mawe mashariki mwa Uganda, tulimwaga kifusi, yaani mawe na udongo usiotakiwa, kwenye kibonde kidogo kwa sababu kilikuwa karibu na shimo. Ilikuwa Januari, ardhi imekauka hadi inapasuka. Mwezi wa nne mvua ziliposhika, dereva mmoja wa tipa, mzee Msamia, akaniita: "Injinia, njoo uone mahindi." Mistari ya mahindi iliyokuwa imenyooka chini ya lundo ilikuwa imepinda kama upinde, na udongo umevimba kufikia goti. Juu ya lundo hakukuwa na ufa hata mmoja. Mawe yetu yalikuwa magumu, mazuri kabisa. Kilichokuwa kinateleza ni tope lililo chini yake. Tuliondoa magari saa ile ile. Siku ya tatu upande ule wote ulishuka ukafukia shamba. Hakuna aliyeumia, lakini mama mwenye shamba alikosa mavuno ya msimu mzima, na kosa lilikuwa letu. Tangu siku hiyo napanga lundo kuanzia chini kwenda juu, hivi.

Hatua ya 1: Ijue ardhi kabla ya tipa la kwanza

Tembea eneo lote wakati wa mvua, Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba. Ukishindwa, waulize wenyeji: maji wanateka wapi, ng'ombe huzama wapi, chemchemi gani haikauki? Ukiona mafunjo, hapo pana maji hata kama leo unatembea na viatu vikavu.

Kisha chimba mashimo ya majaribio kwa ekskaveta, mita 2 hadi 3. Usiingie ndani, chukua udongo kutoka kwenye ndoo ya mashine. Ulowanishe kidogo, uviringishe kiganjani. Ukiweza kuufanya uzi wa unene wa milimita 3 bila kukatika, ni mfinyanzi, na mfinyanzi uliolowa ukibebeshwa mzigo haraka huteleza. Kama tabaka ni jembamba, liondoe mpaka ufike kwenye moramu ngumu au mwamba. Kama ni nene, tafuta mahali pengine. Peleka sampuli maabara pia, lakini jaribio la kiganja linakuambia mapema wapi uwe na wasiwasi.

Chemchemi usiifukie kamwe. Kule Aberfan, Wales, lundo namba 7 la taka za makaa ya mawe liliwekwa juu ya chemchemi. Tarehe 21 Oktoba 1966 liligeuka tope, likashuka hadi kwenye shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto.

Angalia vilevile mawe yenyewe. Mawe ya chokaa kama ya Tororo hayatengenezi asidi. Mawe yenye pairiti (madini ya chuma na salfa), kama ya shaba kule Kilembe, yakipata hewa na mvua hutoa maji makali yenye metali. Hayo yatengwe mbali na mto tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Kadiria nafasi

Mwamba ukilipuliwa hufura kwa asilimia 30 hadi 40. Meta za ujazo 100,000 zilizo ardhini zitahitaji nafasi ya 130,000 au zaidi. Wengi husahau hili, lundo likajaa kabla ya wakati, ndipo wanaanza kulipandisha juu kuliko mchoro.

Hatua ya 3: Chora ngazi

Mawe yanayomwagwa tu hujilaza yenyewe kwenye mteremko wa digrii 37 hivi. Watu huona yametulia wakadhani ni salama. Ukweli ni kwamba kwenye pembe hiyo nguvu inayoshikilia iko sawa na nguvu inayovuta chini. Kigezo cha usalama, yaani ya kwanza ukiigawanya kwa ya pili, ni 1. Mimi sikubali chini ya 1.3 wakati wa kazi, na 1.5 kwa lundo litakaloachwa hapo daima.

Tuseme unataka lundo la kimo cha meta 30, ngazi tatu za meta 10. Kila uso wa digrii 37 unachukua meta 13.3 za mlalo. Tatu ni kama 40. Mteremko wa jumla wa 1 kwa 2.5 (meta 1 ya kimo kwa 2.5 za mlalo), karibu digrii 22, unahitaji mlalo wa meta 75. Zimebaki 35, kwa hiyo kila moja ya njia mbili za katikati iwe na upana wa meta 17.5. Tingatinga linapita humo, na jiwe likibingirika linaishia humo.

Hatua ya 4: Yafukuze maji

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Lundo kavu la digrii 22, lenye mawe yanayojilaza kwa 37, lina kigezo cha karibu 1.87. Lundo hilo hilo likijaa maji mpaka usoni, maji yakitiririka sambamba na mteremko, kigezo hushuka hadi kama 0.95. Mawe ni yale yale na umbo ni lile lile, ila sasa linaanguka. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jalala la Kiteezi karibu na Kampala liliporomoka, zaidi ya watu 30 wakafa. Zile zilikuwa taka za mji, lakini mlima wa taka za mji na mlima wa kifusi vyote huogopa maji.

Chimba mfereji upande wa juu kabla ya kumwaga chochote. Panga mawe makubwa, magumu, yawe tabaka la chini ili maji yapenye. Uso wa juu uinamie nyuma, mbali na ukingo, ili tipa likirudi nyuma kumwaga liwe linapanda kidogo.

Hatua ya 5: Kumwaga kila siku

Weka tuta la usalama ukingoni, kimo chake kisipungue nusu ya tairi la tipa kubwa kuliko yote. Dereva asiliegemee tuta kama breki. Ni la kumwonyesha mwisho. Ukingo ukiwa laini, mwaga meta kadhaa nyuma, tingatinga lisukume. Hakikisha wanaoponda kokoto na watoto wao hawakai chini ya lundo, hata Jumapili.

Hatua ya 6: Pima nyufa

Ukiona ufa, pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, kila kimoja na msumari kichwani. Pima kati ya misumari kwa utepe wa kupimia asubuhi na jioni, andika kwenye daftari pamoja na mvua ya siku hiyo. Ufa ukipanuka milimita 2, 2, 2 kila siku: endelea kupima. Milimita 2, 4, 9: ondoa watu na mashine juu na chini, funga barabara, na usirudishe mtu mpaka vipimo vitulie na mhandisi akague mguu wa lundo, yaani ukingo wake wa chini kabisa, kwa macho yake.