Jinsi ya kusafisha mrashi wa kale wa fedha bila kuua nakshi zake

Ukiupata mrashi wa fedha, kile chombo cha kunyunyizia marashi, umekuwa mweusi, usikimbilie kuung'arisha. Weusi ule ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani; kila ukisugua, unaondoka na fedha kidogo. Tena weusi uliokaa ndani ya mikato ndio unaolitoa ua likaonekana ua. Mrashi wangu wa kwanza niliutumbukiza katika dawa ya kung'arishia. Ulitoka mweupe pe, maua yote yamefifia, na mpaka leo nikiutazama moyo unaniuma.

1. Ukague kwa lenzi, hasa shingo inapoungana na tumbo. Ukiona mstari wa kijivu, laini, hiyo ni lehemu ya risasi na bati ya fundi aliyepita. Hapo moto ni mwiko. Lehemu hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na joto likizidi, risasi huila fedha ikaacha matundu. Ikiwa shingo imelegea, mpelekee sonara, umwonyeshe mstari huo kabla hajawasha chochote.

2. Fungua kichwa. Kikikataa, weka koleo mbali: tonesha spiriti pale kinapofungia, subiri, jaribu tena kwa mkono. Mara nyingi kilichokigandisha ni mabaki ya manukato ya zamani.

3. Zibua matundu. Loweka kichwa peke yake katika maji ya uvuguvugu, kisha pitisha kijiti chembamba cha mbao. Sindano ya chuma hupanua tundu, na marashi yatamwagika badala ya kunyunyizika. Mrashi mzima usiulowekeze. Vitako vingine vimejazwa lami au plasta.

4. Sasa safisha. Changanya unga laini wa chaki na maji yaliyokenekwa (distilled), pamoja na spiriti kidogo, mpaka uwe uji mzito. Zungushia pamba kwenye kijiti, upitishe juu ya migongo ya nakshi tu, mabondeni usiguse. Badilisha pamba kila inapokuwa nyeusi. Palipopakwa dhahabu futa kwa pamba yenye maji basi, maana dhahabu hiyo ni utando mwembamba sana.

5. Futa chaki yote, kausha kwa kitambaa laini, kisha acha wazi siku nzima ili unyevu wa ndani utoke. Funga kwa karatasi isiyo na asidi. Mpira na sufu visikaribie, vyote vina salfa.